Maskini Hupiga Kura na Nani?

Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, kura za watu hazikuwa na uzito mmoja. Mpango ulioandaliwa na ofisa wa serikali ya kikoloni, Walter Coutts, ulimtaka mpiga kura awe na sifa: kisomo, kipato, mali, au utumishi wa miaka mingi. Sifa moja ilimpa mtu kura moja. Aliyekuwa na sifa nyingi aliongezewa, mwisho kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wathibitishe kuwa hawakuwaunga mkono Mau Mau. Mwalimu mwenye mshahara na mifugo aliweza kutumbukiza kura tatu, ilhali kibarua aliyekuwa akivuna ngano kwenye shamba la Kaburu karibu na Eldoret kwa kawaida hakuwa na hata moja. Mwalimu mmoja kutoka Baringo, Daniel arap Moi, ndiye aliyeshinda kiti cha Bonde la Ufa mwaka huo.

Kuupima uraia wa mtu kwa mfuko wake hakukuwa ubunifu wa Waingereza wa Nairobi peke yao. Katika jimbo la Mississippi, Marekani, katiba ya 1890 iliweka kodi ya kura ya dola mbili, pamoja na mtihani wa kusoma na kufafanua kifungu cha katiba mbele ya karani ambaye ndiye aliyeamua nani amefaulu. Wazungu maskini nao walinaswa na kodi hiyo, lakini shabaha ilikuwa Mweusi. Nchini Kenya, Mei 1963, mkulima wa Nandi asiyejua kusoma alipanga foleni akapiga kura yake sawa na daktari. Mkulima Mweusi wa Mississippi alingoja hadi Agosti 1965, Rais Lyndon Johnson alipoitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Kupata kura ni jambo moja. Jambo gumu zaidi, ambalo wachambuzi wa nchi zote mbili hawajaacha kulibishania, ni yale ambayo maskini huyafanya na kura hiyo akishaipata. Kwa nini Mweusi maskini wa Mississippi na Mzungu maskini wa West Virginia, wote wawili wakilemewa na bili za hospitali, hupigia kura vyama viwili vinavyopingana? Na kwa nini mama mboga wa Langas, Eldoret, na mama mboga wa Kondele, Kisumu, wanaonunua unga kwa bei ileile, wakifika kituoni huachana njia? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba maskini hajui maslahi yake. Jibu hilo ni la dharau, na historia hailiungi mkono.

Tuanze na Marekani. Chama cha Republican kilianzishwa 1854 kupinga kuenea kwa utumwa, na kikamtoa Abraham Lincoln. Weusi waliokombolewa walikifuata kwa miaka mingi, huku Democrat kikiwa chama cha Wazungu wa Kusini. Kilichoanza kugeuza mambo ni njaa. Uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1930, Rais Franklin Roosevelt wa Democrat alileta kazi za serikali na misaada, na kufikia 1936 Weusi wengi wa miji ya Kaskazini walikuwa wamemhamia. Walimhamia ingawa Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na kazi hizo ndizo zilizokuwa riziki ya Weusi wengi wa Kusini. Walijua wamepewa nusu. Chama kingine hakikuwa kikiwapa hata hiyo nusu.

Kisha ukaja mwaka 1964. Johnson alitangaza vita dhidi ya umaskini na, mwaka huohuo, akatia saini Sheria ya Haki za Kiraia iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa na ajira. Mpinzani wake wa Republican, Barry Goldwater, alikuwa ameipinga sheria hiyo katika Seneti. Goldwater alishindwa vibaya nchini kote, lakini Mississippi ilimpa asilimia 87 ya kura, katika jimbo ambalo Weusi wachache mno waliruhusiwa kujiandikisha. Kuanzia hapo Wazungu wengi wa Kusini walianza kuuona kila mpango wa kumsaidia maskini kuwa mpango wa kumsaidia Mweusi. Mwaka 1976, Ronald Reagan, akiwania tiketi ya urais ya Republican, alizunguka akisimulia habari za mwanamke wa Chicago aliyedaiwa kujitajirisha kwa fedha za misaada, na wasikilizaji wengi walijijazia wenyewe rangi ya mwanamke huyo. Ilhali ukihesabu vichwa, maskini Wazungu wa Marekani ni wengi kuliko maskini Weusi. West Virginia, mojawapo ya majimbo fukara kabisa na ambalo karibu wakazi wake wote ni Wazungu, ilimpa Donald Trump zaidi ya theluthi mbili ya kura mwaka 2016, ikarudia 2020 na tena 2024.

Mkazi wa Eldoret atakuwa ameshaitambua hadithi hii. Badala ya rangi, aweke kabila, kisha aweke ardhi, kwa maana ardhi ndiyo inayolipa kabila nguvu yake.

Uwanda wa Uasin Gishu ulitwaliwa na kugawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliofika na magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908. Mashamba yalipewa namba, na mji wa Eldoret ukaota kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee wa huku bado huuita Sisibo. Uhuru ulipokaribia, wakazi wa Bonde la Ufa waliuliza nani atayarithi mashamba hayo. Chama cha KADU, cha Ronald Ngala, Masinde Muliro na Moi, kilitaka majimbo ili kila eneo lisimamie ardhi yake. KANU kilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU kilijivunja 1964 kikamezwa na KANU, na mashamba mengi yakauzwa kwa mikopo, kwa vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, ambamo wanunuzi wengi walikuwa Wakikuyu waliokosa ardhi kwao. Mwaka 1969 mbunge Jean-Marie Seroney alitoa Azimio la Nandi Hills akidai ardhi ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi.

Hapo pana maskini wawili. Mmoja alichanga shilingi zake miaka mingi akanunua ekari mbili kihalali. Wa pili alisimuliwa na babu yake kwamba ekari hizo ndipo ng'ombe wao walipokuwa wakilishwa. Wote wawili wana njaa, wote wawili wana hoja, na wote wawili wanaamini kwamba atakayekaa Ikulu ndiye atakayeamua hatimiliki ya nani itaheshimiwa. Mtu wa namna hiyo hapigi kura dhidi ya tumbo lake anapomchagua wa kwao. Anakata bima.

Bima hiyo imegharimu damu. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, mapigano ya 1992 yaliwafukuza watu Burnt Forest na kwingineko, huku wanasiasa wakiwaita majirani madoadoa. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, moto uliwaka upya. Siku ya mwaka mpya 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukageuka mji wa mahema. Waliolala mahemani walikuwa wakulima wadogo, wachuuzi, vibarua na watoto wao. Wenye majumba katika mtaa wa Elgon View hawakuonekana humo.

Miaka mitano baadaye, William Ruto na Uhuru Kenyatta, wote wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, waliunda muungano wa vyama vyao wakashinda uchaguzi wa 2013, Kenyatta akawa Rais na Ruto naibu wake. Mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Jamii mbili zilizokuwa zikichomeana nyumba Uasin Gishu zilijikuta upande mmoja, na amani ya namna fulani ikapatikana, ingawa swali la ardhi halikutatuliwa.

Kisha 2018 Kenyatta akapeana mkono na mpinzani wake, Raila Odinga, na Ruto akabaki na wadhifa bila mamlaka. Akaanza kuzungumza lugha mpya. Kijana wa Sugoi aliyewahi kuuza kuku kando ya barabara alijiita hasla, akawaita wapinzani wake wana wa familia za kifalme, akachagua wilibaro kuwa alama ya chama cha UDA na kuahidi kuinua uchumi kutoka mashinani. Kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi, mgombea mkubwa aliuweka umaskini wenyewe katikati ya kampeni. Wenye bodaboda, mama mboga na vijana wa mkokoteni walisikia wakitajwa kwa kazi zao, na hilo si jambo dogo. Mtu aliyezoea kuhesabiwa kama mmoja wa kabila fulani aliona anahesabiwa kwa jasho lake.

Agosti 9, 2022, Ruto alipata kura 7,176,141, asilimia 50.49, na Odinga 6,942,930. Je, mahasla walipiga kura kama mahasla? Eneo la Mlima Kenya ndilo ushahidi bora wa wanaosema ndiyo: lilimkataa mgombea aliyependekezwa na Rais wake mwenyewe. Lakini eneo hilo halikuwa na mgombea wake mwenye nguvu, na mgombea mwenza wa Ruto, Rigathi Gachagua, alitoka huko. Odinga pia alikuwa amemteua Martha Karua wa Kirinyaga, ila jamii ilikwishaamua ahadi ya nani ni ya kuaminika. Kwingineko ramani ilibaki ileile ya zamani. Elgeyo-Marakwet, tajiri kwa maskini, ilimpa Ruto zaidi ya kura tisini katika kila mia. Kisumu, tajiri kwa maskini, ikafanya vivyo hivyo kwa Odinga. Nairobi, yenye mitaa ya mabanda ya Kibra na Mathare, ilimpa Odinga ushindi. Wilibaro ilibeba mzigo mzito, lakini ilipita katika njia zilizochongwa zamani.

Katiba ya 2010 inakataza chama kuundwa kwa msingi wa kabila, na inamtaka mshindi wa urais apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Sheria hizo zimewalazimisha wakubwa wa jamii kushirikiana. Hazijapunguza haja ya kuwa na mkubwa. Maadamu barabara, kazi na bursari hupatikana kwa kumjua mtu, maskini atamtafuta mtu anayemjua.

Kwa hiyo kinachostahili kutazamwa kwa makini ni ile misaada ambayo haimpitii mkubwa yeyote. Mfuko wa Hasla, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, hukopesha kwa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Hauulizi jina la ukoo wala barua ya chifu. Mkopaji wa Siaya na wa Turbo hupita mlango mmoja. Mbolea ya ruzuku nayo ilishuka kutoka shilingi 6,500 kwa gunia la kilo 50 hadi 3,500, kisha 2,500, na mkulima aliyesajiliwa huitwa kwa ujumbe wa simu. Kasoro zimekuwepo, na kubwa kuliko zote ni kashfa ya mbolea bandia ya 2024. Hata hivyo utaratibu wenyewe ni sahihi, kwa sababu humfanya mtu apate kwa kuwa raia. Udhaifu wake ni udogo. Shilingi 500 hazimtoi mtu katika ufukara, hasa pale Sheria ya Fedha ya 2023 ilipopandisha ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na nauli zikapanda pamoja nao.

Ndipo Juni 2024 ikaja. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Waliandamana Kisumu, Nyeri, Mombasa, na waliandamana Eldoret, nyumbani kwa Rais mwenyewe. Wachambuzi wengi hawakuyapa maandamano ya Eldoret uzito unaostahili. Watoto wa wazazi waliokata bima 2022 walitoka barabarani kuuliza bima hiyo imelipa nini.

Wakubwa walijibu kwa njia wanayoijua. Julai mwaka huo Ruto aliwateua viongozi wa ODM, chama cha Odinga, kuingia Baraza la Mawaziri, John Mbadi akipewa Hazina ya Taifa. Oktoba, Gachagua aliondolewa na Bunge katika unaibu rais, na Mei 2025 akazindua chama chake, DCP. Hesabu za jamii zikaanza upya.

Walioandamana nao wana hesabu yao. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko ya 2017. Waliojitokeza kupiga kura nchini walikuwa takriban asilimia 65, kutoka zaidi ya 85 mwaka 2013. Hakuna kodi ya kura tena Kenya wala Marekani, lakini vizingiti vidogo vipo. Sheria ya Texas ya 2011 ilikubali kibali cha kubeba bastola kama kitambulisho cha kupigia kura na kukikataa kitambulisho cha mwanafunzi. Kenya, mwishoni mwa 2023, ilichapisha ada ya kitambulisho cha kwanza cha taifa, na watu wakaenda mahakamani kuipinga. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilirejesha usajili wa kuendelea wa wapiga kura Septemba 2025. Kijana wa Langas anayetaka kuchagua 2027 anahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti mkononi, na mara nyingi hulazimika kufika katika ofisi ya usajili siku ya kazi, saa za kazi, siku ambayo asipotokea kwenye mjengo kibarua chake anapewa mwingine.