Hewa Kavu Ndani ya Nyumba Miezi ya Baridi



Je, unaamka alfajiri koo limekauka, midomo imepasuka, au mtoto ametokwa na damu puani? Miezi ya Juni hadi Agosti jambo hili ni la kawaida kwa watu wanaokaa bara.

Ikiwa wewe ni mtu wa Mucojo au Pangane, huenda hukuizoea hali hii. Kwenu upepo wa kusi hupita baharini kwanza, ndipo ufike mlangoni, nao huja na unyevu hata wakati wa baridi. Lakini tangu vita vilipoanza Cabo Delgado mwezi wa Oktoba 2017, watu wengi wa pwani wamehamia bara, wengine mpaka Montepuez, kiasi cha kilomita 200 kwa barabara kutoka Pemba. Huko mvua ni haba sana tangu Mei hadi Oktoba, na vumbi ni jingi.

Hewa ya baridi hubeba maji kidogo. Ukiipasha moto bila kuiongezea maji, huwa na kiu, hivyo hunyonya unyevu wa pua, midomo na koo lako. Pua iliyokauka hupasuka upesi, tena haizuii vumbi na vijidudu kama inavyopaswa. Wenzetu waliopelekwa nchi kama Kanada huyaona haya zaidi, kwa kuwa nyumba za huko hupashwa moto mchana na usiku, hata watu hununua mashine ya kutoa mvuke.

Hapa kambini mashine haihitajiki. Ila kwanza chunguza turubai lako alfajiri kwa ndani. Likiwa na matone ya maji, hewa yako ina unyevu wa kutosha, kwani pumzi za watu waliolala zimeuleta. Ukiongeza maji hapo utapata ukungu na kikohozi zaidi. Koo likiwasha na hali turubai limelowa, shuku moshi wa kuni. Hamishia mafiga nje, na usifunge nyumba kabisa.

Turubai likiwa kavu, lowesha kanga safi, ikamue, uitundike kwenye kamba mbali na moto na mbali na matandiko. Kunyunyizia sakafu ya udongo maji kidogo kabla ya kufagia hutuliza vumbi pia. Maji uliyofulia yanatosha kwa kazi hiyo, usipoteze ya kunywa. Usiache beseni la maji wazi usiku kucha: mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji machache, na yakikaa siku nyingi mbu huzaliana humo.

Usichemshe maji ndani kwa jiko la mkaa ili upate mvuke. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu waliojifungia nao hufa usingizini. Sufuria ya maji ya moto nayo ikipinduka humbabua mtoto vibaya. Na kumfunika mtoto shuka juu ya mvuke, kama wazee wengine wanavyofanya, tafadhali tuache.

Kunywa maji mara kwa mara hata kama husikii kiu. Midomo ipake mafuta ya nazi, lakini usimtie mtoto mafuta puani, maana yakiingia mapafuni humdhuru. Pua iliyoziba idondoshee maji ya chumvi: robo ya kijiko cha chai katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Damu ikitoka puani, mtu akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Asiinue kichwa nyuma, atameza damu. Isipokoma baada ya kurudia, mpeleke kituo cha afya.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi usikisingizie hewa kavu. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Mtoto anayekohoa mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikia pumzi 50, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifikia 40, huenda ana nimonia. Mpeleke siku hiyo hiyo. Akivuta mbavu ndani au akishindwa kunyonya, mpeleke hata kama ni usiku.