Keki ya udongo na mtoto wa Lizaboni

Kipimo cha usonji kinachotegemewa sana na wataalamu duniani kina sehemu moja ambayo ukiisimulia Songea watu watacheka. Mtaalamu anafinyanga keki kwa udongo laini wa kuchezea, anaichomeka mishumaa ya uongo, anamweka mwanasesere pembeni, kisha anamkaribisha mtoto wamfanyie mwanasesere huyo sherehe ya kuzaliwa. Mtoto anatazamiwa aimbe, apulize mishumaa, alishe keki. Mlete hapo mtoto wa miaka mitatu kutoka Lizaboni au Bombambili, ambaye kwao mshumaa huwashwa umeme ukikatika na kuupuliza ni kujitafutia makofi, uone atakavyokodoa macho. Huo ni usonji au ni ugeni tu?

Zamani hilo lilikuwa swali la madaktari na wanasaikolojia. Sasa limeingia kwenye karakana za roboti na akili mnemba, na ndiyo sababu linatuhusu hata sisi tulio chini ya milima ya Matogoro.

Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing aliandika kwamba badala ya kuhangaika kuunda mashine yenye akili ya mtu mzima, afadhali kuunda yenye akili ya mtoto, kisha kuisomesha. Huko Genoa, Italia, watafiti walikuja kuunda iCub, roboti ya kimo cha mita moja hivi, mfano wa mtoto wa miaka mitatu na nusu. Inashika vitu na kufuata kitu kwa macho. Haikuundwa ili iwe mtumishi wa mtu. Kazi yake kubwa ni kupima nadharia: ukidai mtoto hujifunza kwa njia fulani, ijenge njia hiyo ndani ya roboti, tuone kama kweli itajifunza.

Jaribio lililonikaa kichwani zaidi halikutumia hata roboti. Februari 2024 jarida la Science lilichapisha kazi ya Wai Keen Vong na Brenden Lake wa Chuo Kikuu cha New York na wenzao. Mtoto mmoja wa Australia alivalishwa kamera ndogo kichwani kwa vipindi, tangu akiwa na miezi 6 hadi 25. Saa 61 za picha na sauti, takriban asilimia moja tu ya muda aliokuwa macho, zililishwa kwenye programu ya kompyuta isiyojua neno lolote. Programu ikaanza kuoanisha maneno na vitu: mpira, paka, gari.

Kazi nzuri sana. Lakini ni mtoto mmoja, wa Kiingereza, anayekaa sakafuni na vitu vya kuchezea mbele yake. Mfunge kamera hiyo mtoto aliyebebwa mgongoni Soko Kuu la Songea. Itaona kisogo cha mama, ua la kitenge, fungu la dagaa wa Nyasa kwa chini, na nyuso za watu wanaomsalimia mama huku yeye wakimfinya shavu. Masikioni anaingiziwa Kingoni cha bibi na Kiswahili cha majirani, na mgeni akitoka Mbinga kinaongezeka Kimatengo. Maneno yenyewe hayatulii: kikombe changu, vikombe vyangu, niletee, nikuletee. Mtoto wetu anayamudu yote hayo kabla hajaanza chekechea, na jaribio la Australia halikugusa hata robo ya mzigo huo.

Kwa upande wa usonji, roboti zimeshafanya kazi ya maana. Kaspar wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, ana uso uliorahisishwa makusudi. Hurudia jambo lile lile mara hamsini bila kununa, na baadhi ya watoto wanaochoshwa na nyuso zetu zinazobadilika kila dakika hutulia naye. Mwaka 2018 Brian Scassellati wa Yale na wenzake walipeleka roboti kwenye nyumba za watoto 12 wenye usonji, nusu saa kwa siku, kwa mwezi mzima, mzazi akiwa hapo hapo. Uwezo wa watoto kushirikiana na mtu mzima katika kutazama kitu kimoja uliongezeka, hata roboti ikiwa haipo.

Sisemi tuagize Kaspar. Kwa bei ya mashine za namna hiyo, nisingemlaumu mganga mkuu akiniuliza kama nimekosa la kufanya. Kinachotufaa kiko karibu zaidi. Delhi, India, watafiti walitengeneza michezo ya kwenye kishikwambi: mtoto anapasua mapovu, anapaka rangi, anachagua atazame video ya mtu au ya umbo linalozunguka, huku kamera ikifuata macho yake. Aliyeshika kishikwambi si daktari, ni mhudumu wa afya wa kawaida aliyefika nyumbani. Kazi hiyo imepanuliwa kwa mradi uitwao STREAM, unaolenga watoto wapatao 4,000 wa India na Malawi.

Malawi ni ng'ambo ya ziwa tu ukisimama Mbamba Bay. Na hawakuanza jana: mwaka 2010 Melissa Gladstone na wenzake walichapisha kipimo cha makuzi kilichojengwa kwa watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini Malawi. Kilifi, Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza chao kwa watoto wa Pwani. Keki ya mishumaa haina nafasi huko.

Kujipima wenyewe kuna faida nyingine. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 wa Tanzania waliochunguzwa kwa dalili za usonji, na baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya kuugua malaria kali. Mashine iliyofundishwa kwa watoto wa Boston au London itaijulia wapi historia ya namna hiyo? Itatafuta macho yanayokwepa, na kwetu mtoto anayemkazia mkubwa macho ndiye anayeonekana hana adabu.

Vifaa si kikwazo kama zamani. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018, na vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Kinachonipa shaka ni hatua ya pili. Kishikwambi kikisema mtoto wa Namtumbo achunguzwe zaidi, mama yake atahitaji mtu wa kumwona hapa hapa Ruvuma: mwalimu wa elimu maalumu aliyepikwa chuo cha ualimu cha Patandi, au mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayepatikana siku ya kliniki. Hospitali ya Muhimbili iko zaidi ya kilomita 900, na mahindi hayangoji. Halmashauri ikitaka kuingia kwenye akili mnemba, ianze kwa kuajiri hao wawili, kisha ndipo ipakue programu.