Kuchagua rangi za chumba: kwa nini uanze na kitambaa kabla ya kununua rangi ya ukuta

Watu wengi wanaotaka kupendezesha chumba huanzia kwenye duka la rangi. Wanachagua kutoka kwenye kadi yenye vijisanduku vya rangi, wanampa fundi kazi ya kupaka kuta zote nne, kisha ndipo wanaanza kuzunguka madukani kutafuta mapazia na vitambaa vya makochi vya kulingana na kuta hizo. Mara nyingi hawavipati, na fedha za kupaka upya hakuna.

Makala hii inaeleza njia ya kinyume chake: kuanza na kitambaa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki njia hii ni rahisi kuliko inavyoonekana, kwa sababu kitambaa cha kuanzia huenda tayari kiko kabatini.

Kwa nini kitambaa kwanza?

Sababu ya kwanza ni kwamba rangi ya ukuta huchanganywa na kitambaa hakichanganywi. Ukipeleka kipande cha kitambaa kwenye duka lenye mashine ya kuchanganya rangi, utapata rangi inayokikaribia sana. Hata mahali pasipo na mashine, fundi mzoefu huanza na rangi nyeupe na kuikoleza kidogo kidogo. Lakini kitambaa unanunua kilichopo kwenye jora. Jora likiisha, huenda usikione tena. Kinachoweza kubadilishwa ndicho kimfuate kisichobadilika.

Sababu ya pili inamhusu hasa mpangaji. Rangi uliyopaka ukutani hubaki kwa mwenye nyumba siku unapohama. Pazia, foronya, kitambaa cha meza na shuka hukunjwa na kuondoka nawe. Mtu anayehama kila baada ya mwaka mmoja au miwili anapata faida zaidi kwa fedha anayoiweka kwenye kitambaa kuliko ile anayoiacha ukutani.

Sababu ya tatu ni kwamba kitambaa kizuri tayari kina rangi zilizopangwa pamoja na mtu anayeijua kazi hiyo. Badala ya kukisia kama kijani hiki kitaelewana na kahawia ile, unaziona zikiwa zimelala bega kwa bega.

Kanga kama mwalimu wa rangi

Kanga, au leso kama inavyoitwa na wengi nchini Kenya, ilianza kuenea pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Neno leso lenyewe lina asili ya Kireno, na linakumbusha vitambaa vya mkononi vilivyoshonwa pamoja kupata nguo moja pana, kabla ya nguo nzima kuanza kuchapishwa kwa ukubwa huo. Kanga ya leo ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa sentimita 110, na huuzwa kwa doti, yaani mbili kwa pamoja.

Ina sehemu tatu: pindo, ambalo huizunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Kwa kawaida hutumia rangi chache tu, mbili hadi tano. Uchache huo ndio unaoifanya iwe mwalimu mzuri. Kitambaa chenye rangi kumi na mbili hakikuambii uanzie wapi.

Tandika kanga sakafuni, rudi nyuma hatua tano, kisha jiulize maswali matatu. Rangi gani imechukua nafasi kubwa zaidi? Ipi inafuata? Ipi imeonekana kidogo tu, kwenye maua au kwenye mstari wa pindo? Wapambaji wengi wa nyumba hutumia kipimo cha 60, 30 na 10: takriban asilimia 60 ya chumba iwe rangi moja, asilimia 30 rangi ya pili, na asilimia 10 rangi ya tatu. Asilimia 60 kwa kawaida ni kuta, 30 ni mapazia na makochi, na 10 ni mito, vyungu, fremu za picha na vitu vidogo vingine.

Hapa lazima kuwe na tahadhari moja. Rangi kubwa ya kanga si lazima iwe rangi ya ukuta. Chukua kisutu, kanga ya jadi ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wekundu wake unapendeza mwilini na kwenye kiti, lakini ukiupaka kuta nne za chumba kidogo utaona umezidi ule wa kitambaa. Mwanga unapogonga ukuta mmoja huchukua wekundu na kuutupia ukuta wa pili, nao huurudisha, na chumba kizima huiva. Kwa hiyo kanuni ya salama ni kuchukua rangi nyepesi zaidi iliyomo kwenye kitambaa na kuipeleka ukutani. Kwa kisutu, nyeupe iwe ukutani, nyekundu iwe kwenye mapazia na foronya, nyeusi ibaki kwenye fremu na miguu ya meza.

Na kabla ya kuitundika kanga sebuleni, soma jina. Maneno ya kumsema jirani yanapokuwa kwenye pazia linalotazama kibaraza chake, hayo si mapambo tena.

Kitenge na kikoi

Kitenge kina safari tofauti. Asili ya michoro yake ni batiki za Java, nchini Indonesia, ambazo viwanda vya Uholanzi viliiga katika karne ya 19 na hatimaye kupata soko kubwa Afrika. Michoro yake ni mikubwa, na hilo ni jambo la kuzingatia: mchoro wa sahani nzima unakaa vizuri kwenye pazia refu au shuka, lakini ukikatwa kwa ajili ya mto mdogo hubaki kipande kisichoeleweka.

Ukitaka pazia, geuza kitenge utazame nyuma. Kitenge cha nta halisi huonyesha rangi karibu sawa pande zote mbili, ilhali kilichochapwa upande mmoja huwa na nyuma iliyopauka. Pazia huonekana ndani na nje, hivyo tofauti hiyo utaiona kila siku.

Kikoi hufumwa, na rangi zake ziko ndani ya nyuzi. Kwa kuwa mistari yake ni rahisi, kinafaa kukaa pamoja na kanga au kitenge chenye maua bila vitu viwili kugombana. Kanuni ya jumla ni hii: katika chumba kimoja, kitambaa kimoja kiwe na mchoro mkubwa, cha pili kiwe na mistari au mchoro mdogo, na vingine viwe vya rangi moja.

Somo la Lamu na Mji Mkongwe

Njia ya kuacha ukuta utulie na kuipa nguo kazi ya rangi si ngeni pwani. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, miji iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 na 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukuta mweupe ulisambaza mwanga mchache ulioingia. Rangi ilitoka kwenye mikeka, matandiko, na sahani za kaure zilizopangwa ndani ya zidaka, yale matundu ya mapambo yaliyochongwa kwenye lipu.

Anayeishi kwenye nyumba ya aina hiyo ana sababu nyingine ya kutokimbilia kopo la rangi. Kuta za mawe na chokaa hutoa unyevu polepole kupitia usoni mwake. Ukizifunika kwa rangi ya mafuta, unyevu hukwama ndani, rangi huvimba na kubanduka.

Rangi ziko kwenye majina yake

Asiye na kitambaa anachokipenda anaweza kuanzia kwenye lugha. Majina mengi ya rangi kwa Kiswahili ni majina ya vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha pilau na mchuzi, waridi ni ua. Samawati limetokana na neno la Kiarabu la mbingu. Kuna pia damu ya mzee na maji ya kunde, majina ambayo kila mtu huyaona mara moja akilini.

Hii ina maana kwamba sampuli za rangi zimekuzunguka. Zambarau bivu pembeni ya jani lake, ukili uliotiwa rangi kwenye mkeka, udongo mwekundu baada ya mvua, mchanga na maji wakati wa kupwa. Ukiona mchanganyiko unaokuvutia, piga picha ili ukumbuke, lakini usiende dukani na picha peke yake, kwa kuwa kamera na kioo cha simu hubadilisha rangi. Nenda na jani lenyewe, uzi au kipande cha mkeka.

Mwanga ndio unaoamua

Kitambaa kilichopendeza dukani Kariakoo au kwenye Mtaa wa Biashara, Mombasa, kinaweza kuonekana kingine kabisa chumbani. Chumba chenye dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, na cha magharibi hupata jua kali la alasiri ambalo hufanya manjano na nyekundu ziwake zaidi. Dirisha lililo nyuma ya mwembe huleta mwanga wenye ukijani.

Taa nazo zina rangi. Boksi la balbu huandikwa namba yenye herufi K. Balbu ya 2700 K hutoa mwanga wa manjano, na ya 6500 K hutoa mweupe unaoelekea samawati. Chini ya mwanga huo mweupe, kahawia na nyekundu hupoa; chini ya ule wa manjano, samawati huelekea kijivu.

Dawa yake haina gharama. Tundika kitambaa mahali kitakapokaa kwa siku mbili au tatu, ukitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Kwa rangi ya ukuta, nunua kopo dogo upake kipande cha kadibodi au plaiwudi, kisha ukihamishe kutoka ukuta hadi ukuta. Subiri ikauke, kwa sababu rangi ya maji kwa kawaida hukolea inapokauka.

Hesabu kabla ya kununua

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7. Mzunguko wa kuta ni mita 12, na eneo lake ni kama mita za mraba 32. Ukitoa mlango na dirisha, zinabaki kama 29. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja wa rangi. Kwa mikono miwili utahitaji karibu lita 6. Ukipaka ukuta mmoja tu nyuma ya kitanda au kochi, lita 2 zinatosha.

Kwa pazia, kipimo cha kawaida ni upana wa kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha, ili likunjike vizuri. Dirisha la mita 1.5 linahitaji mita 3, na hizo ndizo unazozipata kwa doti moja ya kanga ukiweka vipande viwili ubavu kwa ubavu. Kwa kuwa kimo chake ni sentimita 110, dirisha refu zaidi litahitaji kuongezewa kitambaa cha rangi moja chini. Kanga moja pia hutoa vipande sita vya sentimita 48, vinavyotosha mito mitatu ya kochi.

Kabla fundi cherehani hajaweka mkasi, fua kitambaa, kwa kuwa pamba hurudi. Pangusa kona yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha alama, kinachuja, na kitaharibu makochi ya rangi nyepesi. Kukiloweka kwenye chumvi au siki hakuwezi kutibu rangi ambayo haikushikizwa vizuri kiwandani. Kwa dirisha la jua kali, mwambie fundi aweke bitana nyuma ya pazia ili mchoro usipauke mapema.

Usalama nao usisahauliwe. Wanaotenganisha chumba kimoja kwa pazia, upande wa kulala na upande wa kupikia, waweke pazia mbali na jiko na mshumaa: pamba hushika moto haraka, na vitambaa vya nailoni au poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Na kabla ya kukwangua rangi kuukuu, fahamu kwamba nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake huwadhuru watoto. Walowanishe ukuta kwanza, na watoto wakae mbali mpaka usafi uishe.

Ukiwa na bajeti ndogo, utaratibu ni huu: chagua kitambaa kimoja, kitundike siku chache, tengeneza mito na pazia, kisha tazama ukuta ulionao. Huenda ukagundua kwamba ukuta ule ule wa rangi ya maziwa uliokuchosha unaelewana na kitambaa kipya, na fedha ya lita 6 za rangi inabaki mfukoni.