Kubana Harusi ya Mama Bila Kuiharibu



Hapo zamani, na si zamani sana, kwenye mitaa yetu ya Kenya ziliuzwa DVD zenye filamu kumi, hata ishirini, ndani ya diski moja. Mnunuzi alirudi nyumbani akijiona mjanja. Basi jambazi wa filamu akianza kukimbia tu, uso wake unageuka vigaevigae, humjui tena.

Sababu ni hesabu. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Filamu ya saa mbili ikikaa humo peke yake hupata megabiti 5 hivi kwa kila sekunde. Zikiwa kumi, kila moja inaambulia nusu megabiti. Utafanya nini na nusu?

Sasa tuseme mama yenu aliolewa Kware, kule upande wa Ngong, na harusi yake iko kwenye DVD kabatini. Mnataka kuihamishia kwenye simu au flashi. (Ya harusi ni yenu. Filamu za watu zina wenyewe, hizo tuziache.) Jueni kwanza kwamba hata hiyo diski ilishabanwa. Video yake huonyesha picha 25 kila sekunde, kila picha ikiwa na nukta 720 kwa 576. Bila kubanwa, saa mbili zingekula zaidi ya gigabaiti 100!

Inabanwaje? Hapa ndipo panaponifurahisha. Mzee amesimama kuhutubia, nyuma yake hema, mbali vilima vya Ngong. Hema haliendi popote, vilima navyo vimetulia. Kompyuta inaviandika mara moja, kisha inafuatilia mdomo wa mzee na fimbo yake tu. Mzee aseme hata nusu saa, nafasi anayokula ni ndogo. Lakini wakiingia morani kuruka, shanga zinacheza, vumbi linatimka, hakuna nukta inayobaki ilivyokuwa. Hapo kompyuta inataka nafasi tele. Ikinyimwa, inachukua kila kipande cha nukta 8 kwa 8 na kukipaka rangi ya kukisia. Ndivyo vile vigae vya jambazi.

Kwa hiyo msiiamrishe kompyuta, "Nipe faili la megabaiti 300." Itatii, na morani ndio watakaoumia. Iambieni ubora mnaoutaka, ukubwa wa faili ujitokeze wenyewe. HandBrake, programu ya bure, ina kipimo kiitwacho RF: namba ikishuka, picha inakuwa safi na faili linanenepa. Kwa DVD, 18 hadi 22 zinatosha. Mimi ningeanza na 20. Chagueni H.264, mtindo wa mwaka 2003, ambao kwa ubora uleule hutumia karibu nusu ya nafasi ya MPEG-2, mtindo ulio kwenye diski. Kisha jaribuni dakika moja ya ngoma. Hotuba haiwaambii kitu, maana hotuba hupendeza hata ikibanwa vibaya. Na msidanganyike kuikuza picha iwe ya mistari 1080. Diski ina mistari 576 tu. Mtaongeza uzito, sura ya bibi harusi itabaki ileile.

Onyo moja: faili mlilolibana leo msilibane tena kesho kwa ajili ya simu nyingine. Kila mara kitu kinapotea, na hakirudi. Anzeni kila mara na nakala kamili ya diski, nayo muifanye mapema, kwa sababu DVD za kuchomwa kwenye kompyuta huandikwa kwenye rangi maalumu inayoharibiwa na jua na joto. Flashi ya gigabaiti 32 hubeba nakala kamili sita za DVD za namna hiyo. Kamwombeni mama hiyo diski leo.