Sheria za Magonjwa ya Kuku Zinamhusu Vipi Mfanyakazi?



Wenzetu wa Mbarara, na wengine wanaoishi katika makazi ya Nakivale, wametuuliza swali ambalo twaona lastahili jibu refu kidogo. Wanasema: sheria za Serikali za kuzuia magonjwa ya kuku zatuhusu nini sisi, tunaovuna majani ya chai au kusimama mbele ya mashine mchana kutwa? Hizo si sheria za matajiri wenye kuku elfu kumi?

Tuanze na mambo yalivyo nyumbani. Mshahara wa wengi wetu haufiki mwisho wa mwezi. Kinachojaza pengo ni kuku wanane au kumi walioko nyuma ya nyumba. Ndio daftari la mtoto, ndio nauli ya kwenda hospitali. Huko Nakivale, makazi yaliyoanza mwaka 1958 na ambayo leo yamo katika Wilaya ya Isingiro, mtu aliyekimbia Kongo mikono mitupu hawezi kununua ng'ombe, lakini kuku mmoja ataweza. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia kijijini, tajiri hupata hasara katika vitabu vyake, na mfanyakazi hupata hasara katika sufuria yake.

Ugonjwa unaoua zaidi ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Katika Afrika Mashariki ulitambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1935. Huletwa na virusi, na dawa ya kuutibu hakuna. Kuku husinzia, huhara kijani, wengine hupinda shingo, na kundi zima laweza kufa katika siku chache. Jambo la kukumbuka ni hili: tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili zionekane hupita siku tano au sita, pengine hata wiki mbili. Katika siku hizo kuku anaonekana mzima, anakula, anauzika, na tayari anaweza kuwaambukiza wenzake.

Hapo ndipo penye shina la sheria yote. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya Uganda, ambayo mizizi yake ni ya zamani za ukoloni, yamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuugua afanye mambo mawili: amtenge na walio wazima, na atoe habari upesi kwa daktari wa mifugo au kwa ofisi ya Serikali iliyo karibu. Kisha Serikali yaweza kufunga eneo, yaani kuweka karantini, ili mnyama asitoke wala asiingie.

Sasa tuseme kweli, maana ukurasa huu si wa kusifiana. Sisi wenyewe hatufanyi hivyo. Kuku wa kwanza akifa twanyamaza. Wa pili akisinzia twamfunga miguu, twampandisha bodaboda, akauzwe Mbarara kabla hajafa. Hatufanyi hivyo kwa ubaya wa moyo. Twafanya kwa sababu tunayemwuza ni ada ya shule. Lakini kuku huyo akifika sokoni huwekwa katika tenga moja na kuku wa Isingiro, wa Ntungamo na wa Bushenyi. Wasiouzwa jioni hurudi makwao. Tenga halikuoshwa. Kwa siku moja ya soko ugonjwa wa nyumba moja umepelekwa wilaya tatu, na wiki ijayo utarudi kwa jirani yako ukiwa ndani ya jogoo aliyenunuliwa kwa bei nafuu.

Watu huficha kwa sababu nyingine pia: wanaogopa kwamba akija afisa, kuku wote watachinjwa na mkono mtupu ndio utakaobaki. Hofu hiyo haikutoka hewani. Tarehe 15 Januari 2017 Serikali ya Uganda ilitangaza kwamba homa kali ya mafua ya ndege imeonekana kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, na kwa kuku na bata wa kufugwa Wilaya ya Masaka. Masaka iko njiani kati ya Kampala na Mbarara. Mara moja Kenya ikafunga mpaka wake kwa kuku na mayai ya Uganda. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 waliotoka Kenya kupitia Namanga, ikisema waliingizwa kinyume cha sheria na waweza kuleta ugonjwa. Picha zake zilizagaa kila mahali. Sisi twaona kwamba sheria inayomtaka maskini atoe habari bila kumwambia atafidiwa nini inajikata miguu yenyewe, na Vyama vya wafanyakazi havina budi kulisema hilo waziwazi.

Tuje kwenye vituo vya kutotolea vifaranga. Huko kanuni ni kali zaidi, na mtu akiona jinsi kazi yenyewe ilivyo ataelewa kwa nini. Yai hukaa katika mashine siku 21. Kuna magonjwa ambayo kuku mama humpa mtoto ndani ya yai, na ubaya wake hasa ni ule uharo mweupe wa vifaranga uitwao pulorumu. Yai moja lenye ugonjwa likianguliwa, manyoya laini ya kifaranga hupeperushwa na feni ya mashine, na kila kifaranga mle ndani huyavuta puani. Kesho yake asubuhi wanatiwa katika maboksi ya mia mia na kusambazwa nchi nzima. Kule Marekani pulorumu iliweza kuua vifaranga 80 katika kila mia, na ndiyo sababu mwaka 1935 ulianzishwa mpango wa taifa wa kupima damu ya kuku wazazi. Nchini Kenya vituo hivi vina kanuni zao maalum chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama.

Kwa hiyo kanuni za namna hii hutaka kuku wazazi wapimwe, mayai yafukizwe dawa, na kazi iende upande mmoja tu: kutoka chumba cha mayai safi kwenda chumba cha vifaranga, bila mtu wala sinia kurudi nyuma. Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza. Unapopokea vifaranga kutoka kwa mchuuzi pale stendi, uliza wametotolewa wapi, siku gani, na kama wamechanjwa mahepe, chanjo ambayo hutolewa siku ile ya kwanza. Boksi kuukuu lenye mavi makavu lisikubaliwe.

Wale wanaofanya kazi ndani ya vituo hivyo tunawakumbusha jambo moja. Ile dawa ya kufukizia mayai, mara nyingi, ni fomalini. Gesi yake huchoma macho na koo, na tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeihesabu miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Kitambaa cha pua hakiizuii. Kinatakiwa kinyago chenye kichujio cha gesi, na chumba kifunguliwe hewa kabla mtu hajaingia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi hata senti. Si hisani.

Tena lipo sharti ambalo kampuni nyingi za kuku duniani huwawekea wafanyakazi wao: usifuge kuku nyumbani. Kitaalamu ni sharti sahihi, maana viatu na nguo vyaweza kubeba kideri kutoka uani kwako hadi kwa kuku wazazi. Lakini tulikwisha kusema kuku wale ni nini katika hesabu ya nyumba. Mwajiri anayemwondolea mtu kuku wake kwa ajili ya usalama wa kundi la kampuni amemwondolea sehemu ya kipato, na hilo ni jambo la mkataba. Kampuni nyingine huwauzia wafanyakazi mayai na nyama kwa bei ya chini. Nyingine hazitoi chochote. Tunashauri matawi yenye wanachama katika vituo hivyo yalete jambo hili mezani pamoja na lile la vinyago.

Kwa wengine wote, wenye kuku wao uani: ipo chanjo ya kideri ya kudondoshea jichoni, tone moja kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, irudiwe kila miezi mitatu au minne. Ichanje kwa kuku wazima tu. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo majirani wa mstari mmoja wachange na wachanje siku moja. Daktari wa mifugo wa wilaya ndiye wa kuulizwa siku na bei.