Zebaki ya Mkwajuni Yangoja Karakana ya Chuo

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ni mji uliolelewa na dhahabu. Upo katika uwanda wa Lupa, ambako madini hayo yaligunduliwa mwaka 1922 na kuvuta umati wa watafutaji katika miaka ya 1930. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi katika eneo hilo kuanzia 1939 hadi 1956, na mgodi mkubwa wa New Luika ulianza uzalishaji mwaka 2012. Hata hivyo, anayetaka kuielewa afya ya watu wa wilaya hii hana budi kuanza na wachimbaji wadogo, kwa kuwa hao ndio wanaoishika zebaki kwa mikono yao.

Jiwe hutolewa duarani, hubebwa kwa viroba, husagwa kwenye karasha hadi liwe unga, kisha huoshwa mwaloni ili uzito wa dhahabu uitenge na mchanga. Hapo ndipo zebaki inapoingia. Humiminwa ndani ya karai na kukandwa pamoja na masalia mazito hadi iikamate dhahabu. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwa kitambaa, na donge linalobaki huwekwa juu ya moto wa mkaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Kazi nzima ya uchomaji yaweza kumalizika katika dakika chache, na mara nyingi hufanyika uani, karibu na mahali panapopikwa chakula.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na ndio ulio hatari kuliko zebaki yenyewe inayoonekana kwa macho. Mtu akimeza zebaki ya maji kwa bahati mbaya, utumbo hunyonya kiasi kidogo mno. Akivuta mvuke, takriban asilimia 80 yake hupita mapafuni na kuingia katika damu. Kutoka hapo huvuka kizuizi kinachoulinda ubongo, na kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Figo hubeba sehemu kubwa ya mzigo uliobaki.

Dalili zake hujificha. Vidole hutetemeka, mwandiko huharibika, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, fizi huvimba. Mtu aliyekuwa mpole huwa mwepesi wa hasira, na aliyekuwa mchangamfu huanza kuona haya mbele za watu. Mgonjwa wa namna hiyo akifika kituoni hudhaniwa mlevi, na nyumbani hudhaniwa amerogwa. Katika kijiji cha Rwamagasa, mkoani Geita, watafiti waliwachunguza watu 180 walioishi na kufanya kazi karibu na zebaki, wakawalinganisha na watu 31 wa Katoro wasiohusika nayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kati ya wachomaji 99, watu 25 walikuwa na sumu sugu ya zebaki mwilini. Ni mtu mmoja katika kila wanne.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi, na uchomaji katika makazi ya watu. Sheria, basi, imekwisha kutangulia. Kinachosubiriwa ni kifaa ambacho mchomaji wa Mkwajuni atakubali kukitumia kesho asubuhi bila kusimamiwa na mtu. Vyuo vikuu vyetu vina la kujibu hapo.

Tuzo na kitanda cha mgonjwa

Katika miaka ya karibuni ubunifu umekuwa wimbo wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Tume ya Sayansi na Teknolojia hufadhili vituo vya kulea wabunifu. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kama MAKISATU, yalianza mwaka 2019. Na wanafunzi wanahimizwa kuhitimu wakiwa na kampuni, si cheti peke yake. Mengi ya hayo ni mema. Lakini daktari anayesoma habari za tuzo hizo hujiuliza swali la kitabibu: kifaa kimemfikia mgonjwa gani?

Mfano wa kutia moyo upo Arusha. Dakta Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyesomea shahada ya uzamivu Korea Kusini na kurudi kufundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga wa kawaida na chembe ndogo mno zilizotengenezwa maabara. Sifa ya chujio hilo ni kwamba hurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali: penye floraidi nyingi, kama ilivyo sehemu nyingi za kaskazini, hutengenezwa kuikamata floraidi. Mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya kwanza ya Afrika ya Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000.

Ila tuzo si sehemu yenye mafunzo zaidi katika habari hiyo. Hilonga alitambua kwamba familia nyingi hazingeweza kununua chujio kwa mkupuo mmoja. Akaanzisha utaratibu wa kuwakodishia chujio wafanyabiashara wadogo, wakafungua vibanda vya kuuza maji safi kwa bei ambayo jirani anaimudu. Aliyenunua maji hakulazimika kuielewa kemia, wala kukitunza kifaa. Aliyekitunza alikuwa na sababu ya kukitunza, kwa maana ndicho kilichomlisha.

Uganda nako, mwaka 2018, tuzo hiyo hiyo ilimwendea kijana Brian Gitta kwa kifaa kiitwacho Matibabu, kilichokusudiwa kutambua malaria kwa mwanga unaopitishwa kidoleni bila kutoa damu. Wazo lilikuwa zuri, na vyombo vya habari vililipokea kwa shangwe. Mhudumu wa zahanati ya Songwe, hata hivyo, angali akimchoma mgonjwa kidole na kudondosha damu kwenye kipimo cha haraka. Hilo si la kumlaumu kijana yule. Kifaa cha uchunguzi hudai majaribio mengi, idhini za mamlaka, kiwanda na mnunuzi wa kudumu, na kwa kawaida chuo kikuu humwachia mbunifu wake njia hiyo ndefu aitembee peke yake mara picha za hafla zinapokwisha kupigwa.

Je, chujio la Arusha lingeweza kuletwa Mkwajuni kama lilivyo? Hapa tabibu hana budi kumzuia mhandisi kidogo. Maji ya wilaya hii yanastahili kupimwa, tena kwa uangalifu, kwa kuwa mito yake huelekea Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hukaa humo. Zebaki ikitua matopeni, vijidudu huweza kuigeuza kuwa ya kikaboni, ikapanda hadi kwenye samaki na kwa mlaji. Lakini mchomaji na watoto wanaocheza uani mwake hupata sumu yao kwa pumzi kabla ya kuipata kwa kikombe. Chujio bora kuliko yote duniani halitamsaidia anayevuta mvuke. Ubunifu wa afya huanza kwa kuijua njia ambayo sumu huingilia.

Chombo wanachokikwepa

Kifaa cha kuuzuia mvuke kinajulikana tangu zamani. Ni retoti: chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalotoka juu na kupita kwenye maji baridi. Donge huwekwa ndani, moto huwashwa chini, mvuke hupita bombani, hupoa, na zebaki hudondoka tena ikiwa maji. Hewa husalimika, na mwenye zebaki hurudishiwa mali yake ili aitumie tena. Kwa hesabu ya karatasini, hakuna sababu ya kuikataa.

Na bado hukataliwa. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi na wachimbaji wa Tanzania walichapisha makala kuhusu jambo hilo hilo: kwa nini watu wanaojua kwamba zebaki ni sumu hukwepa retoti. Sababu zinazotajwa hapa nchini na kwingineko ni za watu wenye akili timamu. Retoti huchelewesha, ilhali mnunuzi anasubiri. Donge la mchimbaji ni dogo, pengine gramu moja au mbili, na haoni maana ya kuliwashia chombo kizima. Dhahabu hutoka na rangi iliyofifia, akahofia bei. Zaidi ya yote, chuma hakionyeshi kilichomo. Watu watano walioshirikiana duara moja hawataki mali yao iingie gizani hata kwa dakika kumi. Wanataka kuitazama kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho.

Wapo wanavyuo walioyasikiliza malalamiko hayo. Raphael Hypolito wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alibuni retoti iliyoungwa kwa viunganishi vya kawaida vya mabomba ya maji, vile vinavyouzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Marcello Veiga wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ambaye alishiriki mradi wa Umoja wa Mataifa uliofika hadi Geita, alieneza aina nyingine iliyotengenezwa kwa mabakuli ya jikoni: la chini la chuma, la juu la kioo, ili wenye mali waone dhahabu yao inavyobadilika rangi. Bakuli la kioo halina hadhi ya maabara. Lakini lilitokana na kuelewa kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa kutoaminiana, na kwamba kutoaminiana nako hutibiwa.

Mkoa wa jirani una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, chenye karakana na wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta kila mwaka miradi ya kuhitimu. Mbeya pia ipo ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuwaunganisha wawili hao kwa ajili ya kifaa cha Mkwajuni si ndoto ya mbali. Ni safari ya basi. Mwanafunzi wa uhandisi atatengeneza retoti na kuipunguzia muda. Mwanafunzi wa udaktari atapima mkojo wa wachomaji kabla haijaanza kutumika, na tena baada ya miezi kadhaa. Muda huo ni wa kutosha, kwa kuwa nusu ya zebaki iliyoingia kwa mvuke hutoka mwilini katika takriban miezi miwili. Kwa hiyo kifaa kinachofaa kitajidhihirisha ndani ya mwaka mmoja wa masomo, na kisichofaa hali kadhalika.

Biashara nayo ifuate njia ya vibanda vya maji. Mchimbaji mmoja hana haja ya kumiliki retoti, bali mwenye karasha anayo, kwa sababu wateja humjia wenyewe. Akiwa na retoti moja yenye kioo na sehemu yenye hewa mbali na nyumba, aweza kuchoma kwa malipo madogo na kumrudishia mteja zebaki yake. Bei ya zebaki dukani itakuwa sehemu ya ushawishi. Mahesabu hayo yanapaswa kufanywa na mwanafunzi wa biashara akiwa amekaa karashani, si akiwa ukumbini.

Upimaji usisahauliwe. Huko Minamata, Japani, daktari wa hospitali ya kiwanda aliripoti ugonjwa wa ajabu wa neva mwezi Mei 1956, na kufikia 1959 madaktari wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wamekwisha kuitaja zebaki ya kikaboni kuwa chanzo chake. Kiwanda kiliendelea kumwaga maji yake hadi 1968. Ushahidi haukutosha kuwaokoa watu, lakini bila ushahidi huo wasingekuwa hata na la kudai. Kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Bugando wamewafuatilia zaidi ya wajawazito 1,000 katika maeneo ya uchimbaji ya kaskazini, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayostahili kufanyika katika bonde la Rukwa.

Wakati kifaa kikisubiriwa, Hospitali ya Mwambani na zahanati zinazoizunguka zina zana isiyo na gharama, nayo ni swali. Kila mgonjwa mwenye mtetemeko, mabadiliko ya tabia au protini katika mkojo isiyo na maelezo aulizwe kazi yake, mahali anapochomea, na nani huwa karibu naye. Mama aulizwe hayo kliniki ya wajawazito katika hudhurio la kwanza. Kwa mvuke, sampuli ya mkojo ndiyo inayofaa zaidi, ichukuliwe mgonjwa akiwa ameoga na kubadili nguo, mbali na mwalo, ili vumbi la kazini lisiharibu jibu. Tiba ya kwanza ni kumwondoa mtu kwenye mvuke. Dawa za kuitoa zebaki mwilini ni za daktari bingwa, na zaweza kudhuru zikitolewa kwa mtu anayerudi kuchoma kesho yake.

Kwa wenye kazi hiyo: donge lisichomwe ndani ya nyumba, wala kwenye sufuria inayorudi jikoni. Mjamzito na mtoto, pamoja na yule abebwaye mgongoni, wasiwepo. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi lakini mvuke hupita. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mabomba ya kuundia retoti yanauzwa, mkaa upo, maji ya kupozea yapo. Kabla mwanafunzi hajaanza kukata chuma, kuna jambo ambalo wenye maduara na wenye makarasha itabidi wakae walizungumze: chombo hicho kitakuwa mali ya nani, na mbele ya macho ya nani kitafunguliwa.