Bila Gari Ulaya Unadunda, Marekani Unakoma!

Hapa Bongo mtu akishapanda ndege, basi kaenda Ulaya. Ashukie Hamburg, ashukie Houston, mtaani ni lile lile: "Fulani siku hizi yuko Ulaya bwana, mambo yake safi." Wewe kijana unayehangaikia viza hivi sasa, nakuomba uache kuchanganya mambo. Kati ya Ulaya yenyewe na kwa Mjomba Sam kuna tofauti moja kubwa ambayo washikaji waliotangulia hawaiweki kwenye picha wanazotuma nyumbani. Utaigundua mwenyewe asubuhi ya pili, ukitaka kwenda dukani kununua chumvi.

Nimekaa Vienna, mji mkuu wa Austria, wiki tatu. Nimekaa pia Arlington, jimbo la Texas, karibu miezi miwili nyumbani kwa binamu yangu. Vienna sikugusa usukani hata siku moja na sikuwahi kukwama. Arlington nilikuwa mfungwa, tena mfungwa mwenye friji iliyojaa soda.

Nianze na Vienna maana habari yake ni fupi. Kuna treni za chini ya ardhi, kuna tramu, kuna mabasi, na tiketi moja inapanda vyote. Hakuna geti wala konda wa kukuchezeshea sarafu sikioni. Unaingia, unakaa. (Usijifanye mjanja wa Manzese lakini: wakaguzi wapo, na wakikunasa huna tiketi faini yake inapita euro 100.) Mwaka 2012 mji uliishusha tiketi ya mwaka mzima ikawa euro 365, yaani euro moja kwa siku, na bei hiyo ikadumu zaidi ya miaka kumi. Mzee wa suti na mkoba wa ngozi anakaa kiti kimoja na mwanafunzi mwenye suruali iliyochanika magotini, na hakuna anayemwonea mwenzake huruma. Kupanda basi kule hakuna maana kwamba umefulia.

Sasa twende Texas.

MJI MZIMA HAUNA BASI

Arlington iko katikati ya Dallas na Fort Worth. Ina watu karibu 400,000, ina chuo kikuu, ina uwanja wa timu ya Dallas Cowboys unaochukua watu kama 80,000, ule ule uliopangiwa mechi 9 za Kombe la Dunia la 2026, nyingi kuliko uwanja mwingine wowote wa mashindano hayo. Kitu ambacho haina ni mabasi ya abiria. Kwa miaka mingi ulikuwa mji mkubwa kuliko yote Marekani usio na usafiri wa umma wa kueleweka. Wapiga kura waliletewa hoja ya kuchangia kodi ya usafiri zaidi ya mara moja, wakaipiga chini. Mwaka 2013 wakajaribu njia moja tu ya basi, mwaka 2017 wakaifuta, badala yake wakaleta vigari vidogo vya kuitwa kwa simu.

Duka la karibu na kwa binamu lilikuwa umbali ambao hapa Dar mtu anatumwa mtoto. Siku ya kwanza nikasema aah, hii naimaliza kwa TZ 11. Njia ya waenda kwa miguu ikaniongoza vizuri kama hatua mia mbili, halafu ikaisha. Imekatika tu, mbele majani. Upande wa pili barabara ya njia sita, magari yanakata upepo. Nikatembea kwenye majani huku madereva wananikodolea macho kama kuku mgeni. Mama mmoja akasimamisha gari akaniuliza kwa upole kama nimeharibikiwa. Nikamwambia hapana, naenda kununua mkate. Hakuamini.

Lakini mimi nilikuwa mgeni, nilikuwa na tiketi ya kurudi. Anayeumia ni binamu. Alipofika kule alipata kazi ya ghala, zamu ya usiku, nje kabisa ya mji. Vile vigari vya kuitwa vilikuwa havitoki nje ya mji na usiku vinalala. Basi ikawa yeye na wenzake watatu wanapanda gari la jamaa mmoja wa kazini, kila mmoja anamlipa dola 50 kwa wiki. Kati yao wawili ni Wakongo waliopelekwa huko kama wakimbizi, kwa hiyo Kiswahili ndani ya gari kilikuwa cha kumwaga, cha Kariakoo na cha Bukavu vikigongana. Ikaenda hivyo miezi. Siku moja mwenye gari akahamishiwa zamu ya mchana. Hapo ndipo ngoma ilipopasuka. Binamu akakosa kazini siku tatu mfululizo. Siku ya nne, alipopata mtu wa kumpeleka, akakuta jina lake halipo kwenye orodha.

Hakufukuzwa kwa uvivu wala wizi. Alifukuzwa kwa kukosa magurudumu manne.

Akakopa, akanunua kimeo. Bima yake ilikuwa ya kukata maini maana leseni yake ilikuwa mpya, na dereva mgeni kule anahesabiwa kama bomu. Nilipomkuta alikuwa na kazi mbili. Nikamuuliza ya pili ya nini, akacheka: "Ya kwanza inalisha mimi, ya pili inalisha gari."

NANI ALIWALOGA?

Ukiwauliza Wamarekani watakwambia nchi yao ni kubwa mno, treni haiwezekani. Usidanganyike. Hakuna anayekwenda kununua mkate California akitokea New York. Safari za watu ni za mjini, na miji yao zamani ilikuwa na tramu kila kona. Los Angeles, mji ambao leo tunaujua kwa foleni, miaka ya 1920 ulikuwa na mtandao wa treni nyekundu za umeme wenye reli zaidi ya kilomita 1,600, mmoja kati ya mikubwa kuliko yote duniani kwa aina yake. Treni ya mwisho ya mtandao huo ilisimama mwaka 1961.

Kuna hadithi inayopendwa sana vijiweni kwao, kwamba General Motors na wenzake wa matairi na mafuta walizinunua tramu ili waziue. Ina ukweli ndani yake. Mwaka 1949 mahakama iliwatia hatiani kwa kula njama ya kuhodhi biashara ya kuyauzia mabasi na vifaa makampuni ya usafiri waliyoyawekea mtaji. General Motors ikapigwa faini ya dola 5,000, na mkuu wake mmoja akalipa dola moja. Moja! Lakini mimi naona hadithi hiyo inawapa watu nafuu wasiyostahili. Tramu zilikuwa zimeshaanza kukohoa: nauli zilibanwa na mikataba ya miji, magari ya watu binafsi yalizibana katikati ya barabara, na wenye vijisenti wakakimbilia viungani kwenye nyumba zenye bustani.

Pigo kubwa lilitoka serikalini. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu, zaidi ya kilomita 65,000, na serikali ya shirikisho ikajitwisha asilimia 90 ya gharama. Katika miji mingi barabara hizo zilipasua katikati ya mitaa ya watu weusi na walalahoi. Ongeza sheria za mipango miji zilizokataza duka kukaa katikati ya nyumba za kuishi, na zilizomlazimisha kila mwenye duka awe na uwanja wa kuegesha magari. Ndiyo maana mkate uko mbali. Hakuna genge la mama fulani pale kwenye kona, kwa sababu genge haliruhusiwi.

Na basi likabaki kuwa la nani? La asiyenacho. Rosa Parks alipokataa kumpisha mzungu kiti mjini Montgomery, Desemba 1955, weusi waligomea mabasi siku 381, na kampuni ya mabasi ikayumba kwa sababu abiria wake wengi walikuwa wao. Katika miji kama hiyo, kumwambia mtu "mimi napanda basi" mpaka leo kuna watu wanakutazama mara mbili.

WAZUNGU WA ULAYA NAO SI MALAIKA

Msinielewe vibaya nikaonekana nawapamba. London iling'oa tramu zake za mwisho mwaka 1952. Paris ilikuwa imeshang'oa za kwake kabla hata ya Vita ya Pili. Waholanzi, hawa tunaowaona na baiskeli hadi bibi wa miaka 80, miaka ya 1960 walikuwa wanalewa magari kama kila mtu. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 katika kinchi kile, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani, wakaziba barabara, wakaanzisha kampeni ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Komesheni mauaji ya watoto". Mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakaonja ukimya. Njia za baiskeli unazoziona leo zilidaiwa kwa kelele, hazikuota kama uyoga.

Ukienda vijijini Ulaya, bila gari utakoma vile vile. Na Luxembourg, ambako tangu Februari 29, 2020 mabasi, tramu na treni ni bure nchi nzima ukiacha daraja la kwanza, bado wananchi wanapenda magari yao kupindukia. Bure peke yake haitoshi kumshusha mtu kwenye ndinga. Kinachombana Mzungu zaidi ni mafuta: wao wanatozwa kodi nzito kwenye kila lita, wakati Marekani kodi ya shirikisho kwenye petroli ni senti 18.4 kwa galoni, na haijasogea tangu mwaka 1993.

Wala si damu ya Kimarekani. New York, zaidi ya nusu ya nyumba hazina gari, na treni zao za chini, zilizoanza 1904, zinatembea saa 24. Januari 5, 2025 walianza hata kuwatoza wenye magari dola 9 kuingia sehemu ya kusini ya Manhattan saa za pilikapilika. Wapigieni makofi.

NA MAPENZI JE?

Hapa vijana tegeni sikio. Katika majimbo mengi ya Marekani mtoto wa miaka 16 anapata leseni; sehemu kubwa ya Ulaya mpaka 18. Utasema Marekani ndiko kwenye uhuru. Aah wapi! Kule Texas kijana asiye na mkoko atamfikishaje binti sinema? Atapelekwa na mama yake, mama mbele, wao nyuma kama mapacha. Vienna nimeona wapenzi wanaagana kwenye kituo cha tramu hadi tramu tatu zinapita, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaendesha gari gani.

Kinywaji nacho. Vienna usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za chini zinakesha. Unakunywa, unapanda, unasinzia, unashuka. Arlington baa niliyopelekwa ilikuwa peke yake katikati ya uwanja wa magari, na uwanja umejaa. Nikawa nahesabu vichwa ndani na magari nje, nikamuuliza binamu hawa wote wanarudije kwao. Akaweka chupa yake ya maji mezani, akaniambia nisiulize maswali ya kipolisi.

Basi kama safari yako ni ya Marekani na si New York, Chicago, Boston, Washington au San Francisco, tafuta ramani ya mabasi ya huo mji kabla ya picha za bweni, na uangalie la mwisho linapita saa ngapi. Ukikuta ramani hakuna, jifunze gari kabla hujapanda ndege. Mazoezi ya Kinondoni peke yake hayatoshi: usukani wao uko kushoto, na wao hupita kulia.